Mapazia ya Ghorofa ya Tatu

Mdogo wangu ni fundi wa mapazia. Wapo wanaosema "alikuwa", kwa sababu siku hizi hashoni, lakini mimi sijawapa ruhusa hiyo.

Mtaani wanamwita Mama Mapazia. Mtoto hakujaliwa, na mume aliyempata alikwenda kutafuta kazi akapata mke. Kazi ndiyo iliyobaki naye. Aliianza akiwa msichana, kwenye duka la fundi mmoja mnene aliyekuwa akilala mchana juu ya majora ya vitambaa. Yule bwana alimfundisha kupima dirisha muda mrefu kabla hajamruhusu kugusa mkasi. "Gauni likikosea utamsingizia mwenye mwili," alikuwa akimwambia. "Ati amenenepa. Dirisha halinenepi. Pazia likikosea, umekosea wewe."

Maneno hayo yalimwingia. Akiitwa kwenye nyumba ya mtu anavua viatu mlangoni, anapanda kiti, anapima juu, anapima katikati, anapima chini, halafu anarudi juu tena kama hajiamini. Pazia lisilofika sakafuni halivumilii. Siku moja tulikwenda kumpa pole mtu aliyefiwa, watu wanalia, yeye ananinong'oneza, "Dada, hebu ona pale dirishani. Kama bwana harusi aliyeazima suruali." Nilijifunika uso nikacheka, watu wakadhani nimezidiwa na majonzi.

Na ana desturi moja ya kazi ambayo lazima niieleze, maana ndiyo iliyokuja kumponza. Akimaliza kushona, analeta pazia na kulitundika kwanza bila kumaliza pindo la chini. Analiacha lining'inie kidogo, anatoka nje, analitazama kutoka barabarani. Lisipomridhisha analishusha na kurudi nalo kwake, hata mwenye nyumba aseme limependeza, hata amshike mkono. Likimridhisha anashona pindo palepale akiwa amepiga magoti sakafuni, kisha anakunja ngazi anaondoka. Tangu hapo halishiki tena. Ukimwita baadaye akusogezee kulabu moja atakwambia, "Hilo ni lako sasa, nilishakukabidhi."

Mwenyewe alikuwa amepanga chumba kimoja, mitaa miwili kutoka kwangu. Chumba kilikuwa na dirisha moja, likitazama ukuta wa nyumba ya jirani, karibu kabisa, ukinyoosha mkono unaugusa. Hakuwahi kuweka pazia pale. Nilimuuliza mara moja, akanijibu, "Nimfiche nani? Ukuta usinione ninavyovaa?"

Ndipo ikaja kampuni ya kujenga fleti. Walizungushia kiwanja mabati, wakasimamisha bango lenye picha ya jengo, miti chini yake, na watu wembamba wakitembea na mbwa. Kabla hawajachimba hata shimo walikuwa wameshajenga nyumba ya mfano kando ya ofisi yao ya mauzo, wateja waingie wakae waone watakavyoishi. Mapazia ya nyumba ile ya mfano alishona mdogo wangu. Siku ya kuyatundika, yule dada wa mauzo akamuuliza kwa mzaha, "Na wewe, mama, utashonea watu mpaka lini?"

Mzaha ule hakuutupa. Alirudi na karatasi ya ramani ameikunja ndani ya blauzi. Ghorofa ya tatu, fleti ya pembeni, na sebule yenye dirisha linaloanza ukuta huu hadi ukuta ule. Alinionyesha kwa kidole mstari uliochorwa kuwa dirisha. "Dada, hili peke yake linakula majora mawili." Nikamwambia dirisha halipikwi likaliwa. Akaniambia, "Wewe una mwanao na mkamwana na wajukuu wanakupigia kelele. Mimi nipe dirisha."

Akiba yake yote ya maisha ikaenda huko. Tulikwenda pamoja kutia saini. Mkataba ulikuwa mnene, mtu angeweza kuuegemea. Mimi kusoma kwangu ni kwa kuvuta herufi moja moja, kwa hiyo nilimwambia yule dada wa mauzo asome kwa sauti, na pale pa tarehe ya kukabidhi nyumba nilimtaka arudie. Alirudia kwa kukunja uso. Nyumba ikichelewa, kampuni itamlipa mnunuzi fidia kila mwezi mpaka siku atakapoipokea. Ikichelewa kupita miezi sita, mnunuzi akichoka kungoja ana haki ya kujitoa kwa barua, na kurudishiwa fedha zake zote pamoja na riba. Hapo nilitikisa kichwa kwa kuridhika. Chini yake palikuwa na sentensi nyingine, kwamba mnunuzi atahesabika amepokea nyumba siku atakapokabidhiwa funguo, au siku atakapoanza kuitumia kama mwenye nyumba. Tuliisikia. Tukaipita kama watu wanavyopita mbele ya duka la majeneza, macho mbele.

Tarehe ilifika. Penye jengo palikuwa na shimo lenye maji na vyuma vilivyochomoza kama nywele za mtu aliyeamka. Msimamizi wa ujenzi alikuwa kijana mchangamfu mwenye kofia ya plastiki nyeupe; sisi tulimpa jina la Meneja Kesho. Sisemi alikuwa mtu mbaya. Alikuwa akimtolea mdogo wangu kiti.

"Mama, mwezi ujao utapanda ngazi zako mwenyewe."

"Huo mwezi ujao una jina?"

"Ah, mama, wewe nawe! Saruji imechelewa bandarini."

Siku nyingine ilikuwa mvua. Siku nyingine kibali. Siku nyingine mafundi walikuwa wamegoma, nasi tulikuwa tunawaona kwa macho yetu wamekaa juu ya matofali wakicheza karata, wala hawakuonekana watu wenye hasira. Kampuni ilipiga kalenda mpaka kalenda ikaisha ukutani. Fidia ya kila mwezi nayo, ukiiulizia, unaambiwa itajumlishwa mwishoni.

Lakini kuta zilipanda, pole pole, na mwaka uliofuata wakaanza kutia vioo upande wa barabarani. Nasema upande wa barabarani tu. Meneja Kesho akampigia simu. "Mama Mapazia, dirisha lako limeshakaa. Njoo upime, usije ukasema hatukuwahi kukufurahisha."

Mdogo wangu alifunga cherehani katikati ya kazi ya mtu. Alikwenda akapima, akarudi amebadilika sura. Kitambaa alikuwa nacho siku nyingi chini ya kitanda, kizito, rangi ya majani makavu, alikinunua duka lilipofilisika. Alikata, akatia bitana, akapanga marinda. Wateja waliokuja aliwaambia ana udhuru. Nilikaa naye nikimtungia uzi kwenye sindano, na maneno yangu hayakunikaa mdomoni.

"Choo hakina mlango, wewe unashona pazia?"

"Napima tu, dada."

"Unapima kwa marinda?"

"Acha bwana. Nataka nilione limesimama. Mara moja tu."

Siku ya kutundika alikwenda peke yake. Ngazi alishikiwa na Meneja Kesho mwenyewe. Alilitundika, akashuka mpaka barabarani, akasimama kati ya malori ya mchanga akatazama juu. Kisha akapanda tena. Haya alinisimulia jioni ile akila, na alikula vizuri. Meneja Kesho alimpiga picha kwa simu, amesimama mbele ya dirisha lake, mkono mmoja kwenye pazia.

Tulipopita pale wiki zilizofuata tuliyaona kwa mbali. Jengo zima la kijivu, vioo bila watu, na pale juu pembeni mapazia ya mdogo wangu. Wanunuzi wapya walikuwa wakiletwa na gari la ofisi, na yule dada wa mauzo akiwaonyesha kwa kidole, "Mnaona, wenyewe wameanza kuingia." Mdogo wangu aliinua kichwa juu. Alidhani anasifiwa.

Kisha ukapita muda ambao hakuna kilichoongezeka isipokuwa kutu. Maji hayakuvutwa, umeme haukuvutwa. Macho ya mdogo wangu yakaanza kufifia, akawa anashona kwa kupapasa. Halafu mwenye nyumba wake akauza kiwanja chote, na wapangaji wakaambiwa waanze kutafuta pa kwenda.

Hapo ndipo alipopiga moyo konde. Nyuma ya soko kuna ofisi ya msaada wa sheria, chumba kimoja na benchi nje. Aliyetupokea alikuwa binti mdogo, wakili mwenyewe, sweta lake limetoboka kwenye kiwiko. Nilimtazama nikamwambia mdogo wangu kwa sauti ya chini kwamba huyu bado ananyonya. Yule binti akasema, "Nimeachishwa ziwa mwaka jana, bibi. Karibuni mkae." Nikampenda.

Alisoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, huku tumekaa. Kisha akafunga.

"Mama, muda umepita mbali kabisa. Una njia mbili. Unaweza kuendelea kungoja, na wakulipe kwa kila mwezi waliochelewa. Au unajitoa, wakurudishie fedha zako na riba. Wakikataa tunakwenda kwenye baraza la nyumba. Lakini uamue wewe, na tuandike. Kusema kwa mdomo kwa yule meneja hakuhesabiki. Hata ungemwambia kila siku."

"Nikijitoa, nitapata?"

"Hujapokea nyumba. Huna ufunguo. Kwa nini usipate?"

Akachagua kujitoa. Alikuwa na sababu. Mzee mmoja seremala, mjane, alikuwa anauza nyumba yake ya vyumba viwili ahamie kwa binti yake. Tulikwenda kuitazama. Mdogo wangu alipita akitazama madirisha, madogo, kama macho ya mtu aliyetazama jua. Alipofika uani akafungua bomba, maji yakatoka. Akalifunga, akalifungua tena. Mzee Seremala akamwambia, "Dada yangu, nitakungojea mpaka baraza liamue. Zaidi ya hapo sitaweza, binti yangu ananivuta." Walipeana mikono. Njiani mdogo wangu akaanza kupanga kitanda kikae wapi na cherehani ikae wapi, na nikaelewa kwamba lile dirisha kubwa ameshalizika.

Barua ya kujitoa ilipelekwa. Jibu la kampuni lilikuja upesi kuliko kitu chochote walichowahi kukifanya. Waliandika kwamba mnunuzi hana haki ya kujitoa, kwa kuwa nyumba alishaipokea na kuanza kuitumia. Wakaambatanisha picha.

Yule binti aliigeuza picha ile kuelekea kwetu. Mdogo wangu, anacheka, mkono kwenye pazia.

"Mama. Hukuniambia habari ya mapazia."

"Hukuniuliza. Kwani mapazia ni nyumba?"

Binti akajishika paji la uso. Baadaye akatueleza bila kupaza sauti. Mtu akishapokea nyumba, mlango wa kujitoa umefungwa. Kilichobaki ni kudai waimalizie. Na picha ile ingeweza kuonekana kama kupokea. Ingeweza pia kuonekana kama majaribio ya fundi. Itategemea na yeye mwenyewe atakachokisema.

"Watakuuliza. Jibu ukweli, lakini mfupi. Wewe ni fundi, ulikwenda kujaribisha. Hukulala pale, hukupika pale, huna ufunguo. Basi. Usiongeze chumvi wala sukari."

Nyumbani kwangu tulifanya mazoezi. Mimi nilikuwa wakili wa kampuni. Nilivaa miwani ya mwanangu na kuning'iniza taulo jeusi mabegani.

"Wewe mama! Uliweka mapazia, hukuweka?"

"Nilikwenda kujaribisha."

"Sema vizuri, acha kucheka."

"Dada, unafanana na popo. Nitajizuiaje?"

Wajukuu walikuwa wameshika mbavu, mkamwana naye ameegemea mlango analia kwa kicheko. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona mdogo wangu akicheka hivyo.

Baraza lilikaa kwenye chumba chenye feni iliyokuwa ikilia kama ndege aliyekanyagwa. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Wakili wa kampuni hakufanana na popo. Alikuwa kijana mtaratibu, sauti ya chini, alimpisha mdogo wangu njia na kumvutia kiti. Nami nikasema moyoni, huyu ndiye hatari.

Mwanzo ulikwenda vizuri. Hukulala pale? Sikulala. Ufunguo? Sina. Mapazia? Mimi ni fundi, nilikwenda kujaribisha. Binti wa sheria alikuwa akiandika, bega lake limeshuka kidogo kwa nafuu. Meneja Kesho alikuwa amekaa nyuma kama shahidi wao, kofia yake mapajani, hamtazami mtu.

Wakili akasimama tena. "Mama yangu, nisaidie kidogo mimi nisiyejua kushona. Ukimjaribishia mteja pazia, unafanyaje?"

Mdogo wangu akaangaza uso. Watu wa ofisini huwa hawamuulizi kazi yake. Akamweleza yote. Unatundika bila kumaliza pindo, unatoka nje, unatazama. Lisiposimama vizuri unalishusha.

"Na likisimama vizuri?"

"Nashona pindo, nakunja ngazi, naondoka."

"Kwa nini hulishushi?"

"Nilishushe la nini? Ni la mwenye nyumba sasa. Nimeshamkabidhi."

Niliona kalamu ya yule binti imesimama. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaelewa bado.

"Haya ya ghorofa ya tatu," akasema wakili, bado kwa upole uleule, "pindo lilikuwa limeshonwa?"

Feni ikalia. Binti wa sheria akakohoa. Palikuwa na jibu pale, la neno moja, na hakuna mtu ambaye angepanda ghorofa ya tatu kwenda kupekua pindo siku ile. Mimi nilikuwa nalitamka kimoyomoyo, nikimsukuma kwa macho.

Mdogo wangu akakaa wima. "Lilikuwa limeshonwa. Kwa mkono. Sijawahi kuacha pindo wazi."

"Baada ya kulitazama kutoka nje?"

"Baada ya kulitazama. Lilikuwa limesimama sawasawa."

"Kwa hiyo uliyakabidhi kwa mwenye nyumba."

"Ndiyo."

"Mwenye nyumba alikuwa nani, mama yangu?"

Kama angesema kampuni. Kama angesema sijui. Mwenyekiti mwenyewe aliinua mkono kidogo, kama anayetaka kumpa nafasi ya kupumua. Mdogo wangu hakuichukua.

"Mimi. Nani mwingine? Nyumba ni yangu, niliinunua kwa jasho langu."

Binti alijitahidi. Alisimama akasema nyumba isiyo na maji, isiyo na umeme, isiyo na mlango wa choo haiwezi kutumiwa na mtu, na kwamba kampuni yenyewe ndiyo iliyomwita, ndiyo iliyoshika ngazi, ndiyo iliyopiga picha. Alisema vizuri mpaka nikataka kumpigia makofi. Meneja Kesho alipoulizwa kama ndiye aliyempigia simu mama huyu, alijibu kwamba alitaka kumfurahisha tu, na nadhani alisema kweli.

Tuliitwa tena wiki iliyofuata kusikiliza uamuzi. Mwenyekiti alisoma bila kuinua macho. Mnunuzi alijihesabu mwenye nyumba, akafanya tendo la mwenye nyumba, akalisema mwenyewe mbele ya baraza. Kwa hiyo alishapokea, na haki ya kujitoa imekwisha. Fidia ya kuchelewa ihesabiwe mpaka siku ya mapazia, isipite hapo. Kampuni inabaki na wajibu wa kumalizia yaliyobaki, na kama haimalizii, mama anaweza kufungua lalamiko jipya. Kisha akavua miwani akamtazama mdogo wangu kana kwamba anataka kuongeza neno lake mwenyewe, lakini karani alikuwa ameshaita jina la kesi nyingine.

Kwenye benchi nje nilimtolea uvivu.

"Neno moja tu! Useme halikushonwa. Pindo! Nani angekuhukumu kwa pindo?"

"Lilikuwa limeshonwa, dada."

"Na hilo la mwenye nyumba je? Ulilazimishwa na nani?"

Alikuwa anakunja na kukunjua leso yake. "Miaka yote najaribisha kwenye madirisha ya watu. Siku ile sikuwa najaribisha. Nikasimame pale niseme nilikuwa najaribisha, basi sikupata kuwa na dirisha hata siku moja."

Hasira yangu ilikuwa haijapoa, na haijapoa hadi leo ninaposimulia, ila sijui tena nimuelekezee nani. Wewe unayenunua nyumba ambayo bado ni picha, sikiliza. Usichukue ufunguo wa kuazimwa. Usipeleke hata ndoo ya kuwekea fagio. Wakikuita uje ufurahi, waambie utafurahi wakimaliza. Na lile unalolisema kila siku kwa mdomo, peleka kwenye karatasi, wakugongee mhuri kwamba wamelipokea. Mdogo wangu alikuwa na haki mkononi, nzima, imeandikwa, akaiweka chini mwenyewe kwa sababu alipenda nyumba mapema mno.

Mzee Seremala alikuja mwenyewe kutuaga. Alikuwa amempata mtu mwingine. Alikaa ukingoni mwa kiti, akasema samahani zaidi ya inavyotakiwa, na mdogo wangu ndiye aliyekuwa anambembeleza. "Uliningojea, kaka. Hukunidai kitu. Nenda kwa mtoto wako."

Nikamwambia ahamie kwangu. "Nilale wapi?" akaniuliza. "Mapajani kwa mkamwana wako?" Nikamwambia tutabanana. Akasema amebanana na ukuta wa jirani muda wa kutosha. Na wale walioamua kwamba ameshapokea nyumba, atawaonyesha mtu aliyepokea nyumba anavyokaa.

Akahamia ghorofa ya tatu. Vijana wa mtaani walimpandishia kitanda na cherehani, na maji nikawa namlipia mbeba madumu. Katika jengo zima kulikuwa na mlinzi chini, na yeye juu. Usiku, alinieleza, upepo unapita kwenye matundu ya mabomba unapuliza kama mtu anayejifunza tarumbeta.

Siku ya pili tu Meneja Kesho akapanda, mimi nikiwepo. Amekuja na karatasi na kalamu, anahema.

"Mama, hongera ya kuhamia. Sasa nitilie saini hapa, kwamba umekabidhiwa nyumba ikiwa imekamilika, ili watu wa umeme waje wavute waya."

Mdogo wangu alikuwa anapanga sufuria juu ya matofali. "Saini ya nini tena?"

"Ya kupokea."

"Si nilishapokea? Mlisema nyinyi. Mama wa miwani naye akasema."

"Ndiyo, mama, lakini hii ni ya kwamba imekamilika..."

"Imekamilika?" Akamshika mkono, akampeleka mpaka chooni, akamsimamisha pale pasipo na mlango. "Ingia basi. Ujisaidie. Mimi na dada tutakungoja hapa hapa, tunakutazama."

Kijana wa watu alicheka kwa aibu, akafuta jasho. Akamwambia bila saini hakuna umeme, ndivyo ofisi ilivyoamua, yeye ametumwa tu. Mdogo wangu akamwambia aliyemtuma apande mwenyewe. Akashuka na karatasi yake tupu.

Yule binti wa sheria alisema amefanya vema. Angetia saini, hata lile lalamiko la pili lingekufa, maana angekuwa amekubali kwa mkono wake kwamba hakuna kilichobaki. Lalamiko limefunguliwa. Limeitwa mara moja, likaahirishwa kwa kuwa wakili wao alikuwa safarini. Likaitwa tena, likaahirishwa. Umeme haujavutwa, na yeye kwa yale macho hawezi tena kutunga uzi kwenye sindano hata mchana. Wateja walikuja mwanzoni, wakapanda, wakashuka, hawakurudi. Chakula napeleka mimi siku nyingi, na siku ambazo magoti yangu yanakataa anapeleka mkamwana.

Nimemwambia atie saini apate taa. Nimemwambia mara nyingi, na nikimaliza kumwambia naona kwamba ningekuwa mimi nisingetia. Ananisikiliza mpaka mwisho, halafu ananiuliza wajukuu wanaendeleaje shuleni.

Ngazi za jengo lile hazikuwekewa vyuma vya kushikia, na mchana wenyewe ni giza mle ndani. Nikifika chini napiga hodi kwa nguvu, sauti inapanda peke yake ghorofa kwa ghorofa. Kisha nasikia kandambili zake zinakuja mpaka ukingoni, anasimama huko juu nisikomwona, naye hanioni, ananiongoza kwa mdomo.

"Tembea na ukuta, dada. Ukuta. Hapo unapokuja pamemeguka, vuka kwa mguu mrefu. Umevuka?"

"Nimevuka."

"Haya. Njoo taratibu."